Kasongo na Kabambare: takwimu za afya zisilale kwenye kompyuta moja

Kusini mwa Maniema, kila mwezi vituo vya afya vinajaza karatasi za ripoti na kuzituma kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya. Hapo tarakimu zinaingizwa kwenye DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na inayotumiwa na wizara ya Afya ya Kongo.

Hatari kubwa iko kabla ya kufika kwenye seva. Intaneti ikikosekana Kabambare, ripoti inasubiri kwenye kompyuta moja. Umeme wa jua ukikatika katikati ya kuandika, faili inaweza kuharibika. Ripoti ikipotea, dozi za chanjo na dawa za malaria za miezi inayofuata zinaombwa kwa kukadiria tu.

Njia rahisi ni kle USB. Lakini kle hiyo hiyo inayozunguka mashine hadi mashine ndiyo inayobeba virusi, na ikikaa begi moja na kompyuta, mwizi anabeba vyote. Nakala ya pili ilazwe nyumba nyingine, tena ifunguliwe mara kwa mara kuona kama bado inasomeka. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika.

Na karatasi zisitupwe haraka. Mwaka 1981, jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo. Tarakimu hizo zinasomeka hadi leo, kwa kuwa nakala zake ziko maktaba nyingi.