Khofu na Tumaini, Kila Kimoja Mahali Pake

Miongoni mwa mambo ya mwanzo anayofundishwa mtoto wa Kiislamu chuoni ni kwamba Mola wake ni Mwingi wa rehema, na kwamba adhabu Yake ni kali. Sura ya al-Hijr imeyataja yote mawili kwa aya mbili zinazofuatana, ili mja asije akashika moja akaiacha ya pili. Maulamaa wameifananisha khofu na tumaini na mbawa za ndege: ukivunjika mmoja, ndege haruki.

Haya si mambo ya msikitini peke yake. Sisi watu wa visiwa, ambao safari zetu za kutembeleana ni za kuvuka maji, tunayahitaji hata gatini.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, hali imepakia watu na mizigo kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengi wengine hawakuonekana tena. Kabla ya kutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Hatuyakumbushi haya kwa kutonesha vidonda. Tunayakumbusha kwa sababu ya maneno ambayo bado yanasikika miongoni mwetu. Chombo kikiwa kimejaa, na mtu akathubutu kusema, hujibiwa: "Mungu yupo, tutafika." Msiba ukishatokea, hawakosekani wa kuwaambia wafiwa kuwa hayo ni malipo ya dhambi. Kwa maoni yetu, hapo mambo yamepinduliwa: tumaini limewekwa mahali pa khofu, na khofu mahali pa tumaini.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu chake cha Ihya kwamba mkulima aliyechagua ardhi njema, akapanda mbegu nzima, akaitilia maji na kupalilia, kisha akangojea fadhila za Mola, huyo ndiye mwenye tumaini. Aliyetupa mbegu katika ardhi isiyoota kitu, kisha akakaa kitako kungojea mavuno, huyo amejidanganya nafsi yake. Na Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Basi mwenye dhamana anayeruhusu chombo kiondoke bila ya kujua idadi ya waliomo hana tawakkul. Ana uzembe aliouvika kanzu ya dini. Khofu tunayomtakia si ya kutetemeka. Ni ile inayomfanya ahesabu vichwa, akague maboya, asikilize habari za hali ya hewa, na aseme "hapana" hata kama anayeomba ni mkubwa wake. Amana ya roho za watu ataulizwa hapa duniani na kesho Akhera.

Wala wananchi hatujitoi. Mkesha wa sikukuu ni sisi tunaosukumana mlangoni, na wengine kumtia karani kitu mkononi ili tupate nafasi isiyokuwapo. Anayefanya hivyo amechukua nafasi ya usalama wa mwenziwe.

Hata hivyo, khofu iliyokosa tumaini nayo ni maradhi. Ofisa anayezuia kila jambo kwa kukhofia cheo chake, asitafute njia nyengine, humwacha msafiri akimbilie chombo kibovu zaidi usiku wa manane. Na mfiwa anayeongezewa vitisho juu ya msiba wake amedhulumiwa. Mtume amewahesabu waliokufa maji miongoni mwa mashahidi, na Sura ya az-Zumar inawakataza waja, hata waliojidhulumu nafsi zao, wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Hayo ndiyo maneno ya kupelekwa matangani.

Wito wetu ni mmoja. Kabla ya kamba kufunguliwa gatini, viongozi na wananchi na tumuogope Mungu. Kazi ikishakamilika kwa haki, na tumtumaini. Anayeanza na tumaini akaiacha khofu nyuma, itamkuta baharini, wakati ambapo haimfai tena.