Mjane aliyeachiwa mabilioni

David Gottesman, aliyeanzisha kampuni ya uwekezaji ya First Manhattan mjini New York mwaka 1964, alifariki dunia mwaka 2022 akiwa na miaka 96. Mkewe, Ruth, amesimulia kuwa mumewe alimwachia hisa za Berkshire Hathaway azitumie aonavyo inafaa. Basi!

Nyumbani, kabla sijakimbia, niliripoti kesi za wajane walionyang'anywa funguo na mashemeji kabla ya arobaini.

Februari 2024 Ruth alikipa dola bilioni 1 chuo cha udaktari cha Albert Einstein, Bronx, alikofundisha miaka mingi. Hakutaka kibadilishwe jina (matajiri wetu hutaka lao hata kwenye kisima). Ada ilizidi dola 59,000 kwa mwaka. Wanafunzi walipotangaziwa kuwa watasoma bure, ukumbi ulilipuka kwa shangwe, wengine walilia.