Stika ya Siasa Gari Likifika Eldoret

Uchaguzi wa 2027 uko mlangoni, na stika za wanasiasa hazitakawia kujaa kwenye bampa na vioo vya magari yetu. Wengi huuliza kama zinaleta kura. Mimi nauliza zinamwambia nini mtu asiyekujua, na kwa swali hilo twende Eldoret.

Mwaka 2022 Eldoret ilikuwa nyumbani kwa mgombea. Sugoi, kwao William Ruto, iko kaunti hiyo hiyo ya Uasin Gishu, na manjano ya UDA na wilibaro yake ndiyo yaliyotamba. Ruto akaibeba kaunti kwa kishindo. Lakini maelfu ya wapiga kura wa huko walimchagua marehemu Raila Odinga. Je, nao walibandika stika za Azimio? Mwenye duka anayetegemea wateja wa pale angefikiria mara mbili. Ndiyo maana nasema, stika zikiwa za rangi moja mji mzima, hazituonyeshi tu nani anapendwa. Zatuonyesha pia kwamba wako walioona bora wanyamaze. Na wengine hubandika ili waachwe wapite salama. Hiyo si kampeni tena, ni hirizi.

Waungwana, tusijifanye tumesahau. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, barabara za Eldoret zilifungwa kwa mawe na magogo, vijana wakisimamisha magari na kudai vitambulisho ili wajue kabila la abiria. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Malori yaliyopakia bandarini Mombasa kwenda Uganda yalikwama njiani, maana barabara ya Malaba yapita hapo hapo Eldoret.

Kwenye kizuizi kama kile, bampa lenye stika limekwisha kujibu kabla dereva hajafungua mdomo.

Sisi watu wa Pwani twajua kusema bila kutamka, ndiyo kazi ya kanga. Lakini mwenye kanga huchagua ajifunge lini, na apite nayo mlango wa nani. Stika haichagui. Leo ni mzaha wa barazani Majengo, kesho iko Burnt Forest.

Gari lako la kwendea Kongowea libandike upendavyo, ni haki yako. Basi na lori ni shauri lingine. Mama aliyekata tikiti kwenda kumwona mwanawe Chuo Kikuu cha Moi hakuulizwa chama chake. Kwa maoni yangu, wenye magari ya safari za bara wakatae stika za chama chochote, hata wakiahidiwa pesa. Pesa hizo zitaingia mfukoni mwa mwenye gari. Watakaoshushwa kizuizini ni dereva na utingo wake.