Kijana Ataka Kushusha Gari: Mzazi Ajibu Nini?



Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu unaingia gereji. Kina mama wanaotaka kuupita haraka tunawaomba wasimame kidogo, kwani aghalabu wao ndio wanaoombwa fedha, na wao ndio wanaokaa macho usiku wakisikiliza kama gari limerudi.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana amepata leseni. Amenunua, au amenunuliwa, gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, lile ambalo vijana huliita hachibaki: Yaris, Jazz, Swift, Tiida au Golf iliyokwisha tumika. Haipiti miezi mingi ila huja na ombi. Ataka kubadilisha springi na shokapu, gari liwe chini, lishike kona. Tangu sheria mpya ya usalama barabarani ya nchi hii, ile ya mwaka 2024, ilipoanza kutumika tarehe 29 Machi 2025, umri wa kupata leseni umeshuka kutoka miaka 18 hadi 17. Kwa hiyo ombi hili sasa linabisha hodi majumbani mwetu mapema zaidi.

Wako wazazi wanaokataa papo hapo, kwa kudhani kwamba ni upuuzi wa ujana. Wako wanaotoa fedha ili wapate utulivu. Sisi twaona majibu yote mawili yana kasoro. Kulifanya gari lishike kona vizuri ni jambo la maana, tena laweza kuokoa roho. Lakini jambo hilo lina mpangilio wake, na mpangilio huo hauanzi dukani kwa muuza springi.

KONA HUSHIKWA NA NINI?

Gari likiingia kona, uzito wake hutaka kuendelea kwenda moja kwa moja. Kinachoulazimisha ugeuke ni tairi 4 tu, kila moja ikigusa lami kwa sehemu inayokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Tena nguvu inayotakiwa haiongezeki sawa na mwendo, bali kwa mraba wa mwendo. Dereva akitoka kilomita 60 kwa saa akaingia kona ileile kwa kilomita 80, mwendo umezidi kwa theluthi moja, ilhali kazi ya tairi imezidi kwa asilimia 78 hivi. Hakuna springi duniani inayoweza kuifuta hesabu hiyo.

Basi springi na wenzake wana kazi gani? Springi hubeba uzito. Shokapu huizuia springi isiendelee kuruka baada ya shimo au tuta. Bushi za mpira hushikilia vyuma vya magurudumu mahali pake. Stabilaiza, kile chuma kinachounganisha upande wa kulia na wa kushoto, huzuia bodi isilale sana kwenye kona. Vyote hivyo ni watumishi wa bwana mmoja: tairi ikanyage lami sawasawa, wakati wote. Tairi ikiwa mbovu, watumishi hawa wanahudumia maiti.

Hachibaki nyingi zina injini mbele na huvutwa na magurudumu ya mbele. Tairi za mbele hubeba sehemu kubwa ya uzito, huvuta, hugeuza, na hufanya kazi kubwa zaidi wakati wa breki. Gari likiingia kona kwa kasi, hizo ndizo huzidiwa kwanza: usukani umekatwa, lakini pua ya gari yaelekea nje ya kona. Vijana huona kuwa huu ni udhaifu. Watengenezaji wameyatengeneza hivyo makusudi, kwani dereva wa kawaida akishtuka huondoa mguu kwenye mafuta, mwendo hupungua, na gari hurudi njiani. Gari ambalo mkia wake ndio hutangulia kuteleza huhitaji dereva mwenye ujuzi na utulivu, na hayo hayapatikani kwa leseni ya miezi mitatu.

MPANGILIO TUNAOUSHAURI

Kwanza ni tairi. Ubavuni mwa tairi pana tarakimu 4: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 2319 ilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Katika joto la nchi hii mpira hukauka na kupasuka hata kama kashata zake bado ni nzuri, na hapa tairi iliyopita miaka 5 huhesabiwa kuwa imekwisha muda. Kanuni za mwaka 2017 ziliweka kwa tairi za namna hiyo faini ya dirhamu 500, alama nyeusi 4, na gari kuzuiliwa wiki moja. Tairi 4 mpya za kampuni inayoaminika, zenye ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, zitabadilisha ushikaji wa kona kuliko kitu chochote kingine kinachouzwa. Upepo nao upimwe asubuhi, tairi ikiwa imepoa, kwani adhuhuri ya Julai kipimo hudanganya.

Pili ni vilivyochoka. Magari mengi ya jamaa zetu hununuliwa yakiwa yamekwisha tembea sana, kwenye soko la Al Awir kule Ras Al Khor au kwa mtu anayehama nchi. Shokapu imevuja mafuta, bushi zimekatika, boli jointi inagonga. Gari la namna hii huyumba, na kijana hudhani kuwa limezaliwa hivyo. Anayetia springi ngumu juu ya bushi zilizokufa ni kama anayepaka rangi ukuta uliolowa. Libadilishwe kila kilichochoka, kwa jozi: shokapu ya kushoto na ya kulia pamoja. Wengi wakifika hapa hugundua kwamba gari walilolitaka ndilo hili walilokuwa nalo.

Tatu ni alaimenti. Baada ya kugusa vyuma vya magurudumu, gari lipelekwe kwenye mashine inayopima jinsi tairi zinavyoelekea na zinavyosimama. Kosa dogo hapa hula tairi mpya upande mmoja na hulifanya gari lishuku njia.

Nne, na ni baada ya hayo tu, ndipo yaja mabadiliko yenyewe. Hapa pana mfano mzuri katika historia. Volkswagen ilipoanza kuuza Golf GTI mwaka 1976, gari ambalo limewafanya vijana wa dunia nzima wapende hachibaki, haikuliburuza chini. Walilishusha kidogo, wakatia springi na shokapu zinazolingana, wakaongeza stabilaiza. Neno la kushika ni kulingana. Springi ngumu hutaka shokapu iliyotengenezwa kuitawala. Kwa gari la barabarani, kushuka milimita 20 hadi 30 kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa aina ileile ya gari yatosha. Stabilaiza nene kidogo ya nyuma huifanya pua itii zaidi bila kuligusa gari kimo. Lakini ikiwa nene kupita kiasi, mkia huwa mwepesi kuteleza, hasa barabara ikilowa.

KUKATA SPRINGI

Sasa tuseme waziwazi juu ya njia ya mkato. Wako mafundi watakaoshusha gari kwa muda wa kunywa chai, kwa kuikata springi au kuipasha moto ikalegea. Wazazi, hili likataeni bila kusita. Springi iliyokatwa haikai vyema kwenye kikalio chake, na gari likiruka kwenye tuta yaweza kutoka mahali pake. Springi iliyopashwa moto imepoteza nguvu za chuma chake. Shokapu, ambayo sasa inafanya kazi kwa nafasi finyu, hugonga mwisho. Na inapogonga mwisho katikati ya kona, uzito huitumbukia tairi ghafla, na tairi huachia.

Tena lipo jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kwenye hachibaki nyingi, mkono wa chini unaoshika gurudumu la mbele umewekwa ulale takriban sawa na ardhi. Gari likishushwa mno, mkono huo huinukia upande wa gurudumu, na ile nukta ambayo bodi huizungukia ikilala hushuka zaidi kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake ni kinyume cha kilichonunuliwa: gari liko chini, lakini lina hamu zaidi ya kulala.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tusingehitaji kufundishwa haya. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalituonyesha kwamba gari hutengenezwa kulingana na njia yake. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Na katika njia zile za matope na mawe gari lilitakiwa liwe juu na shokapu zake ziwe imara, si liburuze tumbo. Njia za Dubai ni lami laini, lakini zina matuta ya mitaani, mishuko mikali ya kuingia maegesho ya chini ya majumba, na siku chache za mvua ambayo, ikinyesha baada ya miezi ya ukavu, huchanganyika na vumbi na mafuta ikawa utelezi. Mvua ya tarehe 16 Aprili 2024 iliwakumbusha wenye magari ya chini kwamba maji hayaulizi bei ya rimu.

SHERIA NA AMANA

Kanuni hizo za mwaka 2017 zilisema pia kwamba kubadilisha injini au chesisi bila kibali ni faini ya dirhamu 1,000, alama 12, na gari kuzuiliwa siku 30. Mwaka 2023 Dubai iliongeza ukali: gari lililozuiliwa kwa sababu ya mabadiliko ya kuongeza kasi au kelele halitoki ila kwa dirhamu 10,000. Kwa hiyo kijana asianze kwa fundi. Aanze kwa kuuliza RTA, au kituo cha ukaguzi, ni nini kinachoruhusiwa na kwa karatasi gani. Gari likipita miaka 3 hukaguliwa kila mwaka kabla ya mulkiya kufanywa upya, na kilichofichwa chini ya gari huonekana hapo. Kampuni ya bima nayo, ikikuta mabadiliko ambayo haikuarifiwa, yaweza kukataa kulipa. Faini hulipwa mara moja. Fidia ya majeruhi yaweza kuila nyumba nzima, pamoja na ile inayojengwa kule nyumbani.

Na kona zenyewe ziko wapi? Vijana huzifuata Jebel Hafeet kule Al Ain, karibu kilomita 12 zenye kona 60, au huzichezea kwenye mizunguko ya mitaani usiku. Barabara ya watu wote si mahali pa kupimia shokapu. Kwenye mteremko wa mlima, kinachochoka kwanza ni breki, na dawa yake ni gia ndogo na mwendo mdogo. Anayetaka kujua mpaka wa gari lake upo uwanja wa Dubai Autodrome, uliofunguliwa mwaka 2004, ambako hakuna mama avukaye na kigari cha mtoto.

Basi mzazi ajibu nini? Twashauri asiseme hapana, wala asitoe fedha siku hiyo. Aseme: twende tukalitazame gari pamoja. Wasome tarakimu za tairi. Walitie gari juu, fundi awaonyeshe bushi kwa mkono wake. Fedha ya kwanza iende kwenye tairi, ya pili kwenye vilivyochoka, ya tatu kwenye alaimenti. Kijana aliendeshe hivyo miezi 6. Baada ya hapo, akiwa bado anataka zaidi, atakuwa amekwisha jua anachokitaka, na mazungumzo ya stabilaiza na kibali yatakuwa mazungumzo ya watu wazima wawili.

Kwani hilo gari dogo halibebi kijana peke yake. Ijumaa hubeba bibi na wajukuu, asubuhi hubeba wadogo zake hadi shuleni. Hao wanaokaa kiti cha nyuma hawakuomba gari liwe chini. Wao ni amana mikononi mwa anayeshika usukani, na mwendo anaoingia nao konani ni juu yake yeye.

Hadi mwezi ujao inshaAllah. Wabillahi tawfiq.