Kiini Hakijui Kiingereza

Kuna kauli iliyozoeleka miongoni mwa wasomi wetu, na hata baadhi ya malenga huikariri pasi na kuipima: kwamba Kiswahili ni lugha ya mapenzi, mawaidha na siasa, ama kompyuta huelewa Kiingereza tu. Walio wapole kidogo huturuhusu kutafsiri vitufe na menyu, lakini tukitaja kina cha mashine hucheka. Kauli hiyo si kweli. Naipinga kwa ushahidi wa mashine yenyewe, wala si kwa jazba ya uzalendo.

Ndani ya kila mfumo endeshi, uwe wa kompyuta au wa simu, pana sehemu iitwayo kiini. Kiini ndicho chenye mamlaka juu ya diski, kioo, kumbukumbu na mtandao. Programu ya kawaida hairuhusiwi kuvigusa vitu hivyo kwa mkono wake. Ikitaka kusoma faili au kuandika neno kiooni, husimama nje, hutaja haja yake, na kiini ndicho kiifanyacho kazi na kurudisha jibu. Wataalamu wetu huliita tendo hilo mwito wa mfumo. Si vibaya, lakini sisi wa Unguja tunalo neno lililo bora: hodi. Mgeni hukaa barazani, hubisha, husema shida yake. Haingii jikoni akajipakulia. Akikubaliwa hupewa, akikataliwa huambiwa. Mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye adabu amekwisha kulielewa nusu ya somo kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Sasa tuulize: hodi hiyo hubishwa kwa lugha gani? Hubishwa kwa tarakimu. Katika Linux, kwenye prosesa za x86-64 zilizomo katika kompyuta nyingi, hodi ya kuandika ni namba 1. Kwenye prosesa za ARM za biti 64, jamii ya zile zilizomo katika simu nyingi, hodi hiyohiyo ni namba 64. Faili likikosekana, kiini hakitamki sentensi. Hurudisha hasi 2. Ruhusa ikikosekana, hurudisha hasi 13. Maneno ya Kiingereza tuyaonayo kiooni yametungwa na kupachikwa nje ya kiini, na binadamu.

Na binadamu hao hawakuwa manabii wa lugha. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuijenga UNIX katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1969, waliyakata majina kama walivyopenda. Hodi ya kuunda faili waliiita "creat", bila ya herufi e ya mwisho. Baadaye Thompson aliulizwa angebadilisha nini lau angeianza upya kazi ile, akajibu kwamba angeiongeza e hiyo. Sisi tungesema ni inkisari. Malenga akifanya inkisari huambiwa amekosa maneno. Mhandisi akifanya, dunia nzima huikariri nusu karne na kuiita sayansi!

Atakayedai kwamba haya ni nadharia, na aitazame Nuru, lugha ya programu iliyobuniwa na vijana wa Kitanzania. Maneno yake ya msingi ni ya Kiswahili: kama, sivyo, wakati, rudisha. Mwandishi akiandika "andika", Nuru huikabidhi kazi kwa lugha ya Go iliyojengewa, na Go hubisha hodi namba 1. Akitumia "fungua", hodi huwa namba 257. Akisema "toka", huwa namba 231. Hizo ni namba za x86-64, na ni zilezile zinazobishwa na programu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kiini hakiulizi mbishaji ametoka Mwembe Tanga au California.

Wala hakiulizi maandishi yaliyobebwa ni ya nani. Hodi ya kuandika hurejesha hesabu ya baiti zilizopokewa, kama mhakiki ahesabuye mizani. Andika "Jozani" kwa herufi za Kirumi, utajibiwa 6. Liandike jina hilohilo kwa herufi za Kiarabu, zile ambazo wazee wetu waliandikia tenzi, utajibiwa 12, kwa kuwa katika utaratibu wa UTF-8, uliobuniwa na Thompson na Rob Pike mwaka 1992, kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili. Zote hupita mlango mmoja, bila ya kubaguliwa.

Lawama yangu basi haiendi kwa mashine. Inatuelekea sisi watu wa lugha. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, kazi ya heshima iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu hapo tumeendelea kubishana juu ya tarakilishi na ngamizi, kipanya na puku, yaani mapambo ya mlango, huku vyumba vya ndani tukiwaachia wengine wavipe majina. Hapa Jozani, mvuvi asiyemaliza darasa la saba hutofautisha mkoko, mchu, mkandaa na msinzi. Ameyajua majina hayo kwa sababu huingia mikokoni kila siku. Istilahi huzaliwa kwa kuingia; haizaliwi kwa vikao pekee.

Tukiingia, tutakuta nyumba imejaa jamaa tunaowajua. Mchakato huweza kuzaa mwingine. Basi yupo mzazi na yupo mtoto. Mzazi akifa kwanza, mtoto huwa yatima, na kwa kawaida hulelewa na mchakato namba 1. Mtoto akifa na mzazi asiipokee habari ya kifo chake, jina lake hubaki daftarini ingawa uhai umetoka: huyo tumwite msukule. Niambieni, ni wapi hapo Kiswahili kimeshindwa?

Nitajibiwa kwamba mwanafunzi atakayesoma hivi atatengwa na ulimwengu, maana vitabu vya fani hii ni vya Kiingereza. Hoja hii ina uzito, nami sisemi Kiingereza kitupwe. Lakini kwa miaka mingi ya kufundisha sekondari nimewaona vijana hodari wakikariri istilahi za Kiingereza barabara, na ukiwauliza maana wanainamisha vichwa. Aliyeielewa hodi atajifunza jina lake la Kiingereza kwa dakika moja. Aliyekariri jina bila ya maana anaweza kuzeeka nalo.

Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tulipewa amana, si taji la kuvaa sikukuu. BAKIZA, BAKITA na TATAKI zikae na hao vijana wa programu, na malenga waalikwe, maana wao ndio wazoefu wa kubana maana kubwa katika silabi chache. Nami natanguliza ubeti wangu:

Hodi hodi mlangoni, kwa adabu nabishia,
Mwenye nyumba yumo ndani, kwa nambari hujibia,
Jina lipo mdomoni, letu kujichagulia,
Kiswahili si mgeni, haki yake kuingia.