AFYA YA NYUMBANI: Je, Nguvu Zatoka Katika Nyama Tu?



Katika nyumba yangu yuko kijana wa miaka 18, mtoto wa marehemu ndugu yangu. Mwaka jana alishikwa na hamu ya kunyanyua vyuma. Yeye na wenzake walijaza saruji katika makopo mawili ya rangi, wakayaunganisha kwa bomba la chuma, na kila siku baada ya sala ya alasiri hukutana uani wakinyanyua na kuhesabu kwa sauti. Nalifurahi kuwaona, kwani kijana aliyechoshwa na kazi kama ile hapati nafasi ya kukaa barazani kusengenya watu.

Lakini hazikupita wiki nyingi pakazuka jambo. Kijana alisikia kwa wenzake ya kwamba asiyekula nyama kila siku hujichosha bure, misuli yake haitakua. Akataka nyama mchana na usiku. Nasi, kama nyumba nyingi za wasomaji wetu, hununua nyama mara mbili tu kwa wiki. Basi vipande vikawa vyaelekea sahani moja. Siku moja nalitazama sahani nyingine nikamwona dada yake mdogo ala wali kwa mchuzi mtupu, na mama watoto, aliyesimama jikoni tangu asubuhi, hana hata kipande. Nalipouliza niliambiwa, "Mwache mtoto, anajenga mwili."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Je, yule msichana wa miaka 13 hajengi mwili? Na kama ni kushindana kwa haja ya chakula chenye madini ya chuma, msichana wa umri ule ndiye mwenye haja kubwa zaidi. Hivyo naliona yafaa kuichungua habari hii mpaka mwisho wake.

Kwanza tuondoe shaka. Nyama ni chakula chema, wala hakuna katika ukurasa huu atakayeharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Swali letu ni jingine: asiyeipata, au asiyeitaka, aweza kuwa na nguvu?

Tazama Bara Hindi. Huko wapiganaji mieleka wamejizoeza kwa karne nyingi katika viwanja vya udongo uliolainishwa, viitwavyo akhara. Mkubwa wao aliyejulikana duniani alikuwa Mwislamu, Ghulam Muhammad, aliyeitwa Gama. Mwaka 1910 alikwenda London akapambana na Stanislaus Zbyszko wa Poland karibu saa tatu bila ya kupatikana mshindi. Mwaka 1928 wakakutana tena mjini Patiala, na Gama akamwangusha kabla ya dakika moja kutimia. Gama alikuwa mla nyama. Lakini katika viwanja vya namna ile ile wako Wahindu wengi wasioonja nyama maisha yao yote, nao wana vifua kama milango ya msikiti. Chakula chao ni maziwa, samli, lozi na dengu. Basi ni kitu gani wanachoshirikiana mla nyama na asiyekula? Ni kazi. Wote huchuchumaa na kuinuka mamia ya mara kila siku, na kujisukuma kwa mikono kutoka ardhini mamia ya mara, kisha ndio wakamatane. Na wote hula wakashiba.

Wataalamu wa siku hizi nao wamelipima jambo hili. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2021 na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, walichukuliwa vijana 38: 19 wenye kula nyama, na 19 wasiokula nyama, mayai wala maziwa. Kwa wiki 12 wote walifanya mazoezi mazito ya miguu mara mbili kwa wiki, na kila mmoja alipewa protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Pale chakula kilipopungua, walikamilisha kwa unga wa soya kwa hawa na unga wa maziwa kwa wale. Mwisho walipopimwa, misuli na nguvu ziliongezeka sawasawa. Lililofanya kazi ni kiasi.

Sababu yake si ngumu. Protini yoyote tuilayo, tumbo huivunja vipande vidogo vya namna 20, na mwili huvitumia kujenga upya. Tisa katika hivyo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima viliwe. Mahindi na mchele hupungukiwa na kimoja kilicho tele katika maharage. Na maharage hupungukiwa na kingine kilicho katika nafaka. Ndiyo maana ugali kwa kunde, wali kwa maharage, na mahamri kwa mbaazi za nazi ni vyakula vilivyokamilika. Wala si lazima viliwe kwa tonge moja. Siku moja yatosha.

Nalifanya hesabu pamoja na kijana. Uzito wake ni kilo 60, basi kiasi chake ni gramu 96 kwa siku. Maharage, kunde au choroko gramu 200, zikipimwa kavu na kugawanywa asubuhi na jioni, hutoa zaidi ya gramu 40. Nusu lita ya maziwa, 16. Mayai mawili, 12. Unga au mchele wa siku, kama gramu 300, hutoa ishirini na kitu. Konzi ya karanga, 7. Hesabu imetimia bila ya kwenda kwa muuza nyama, na bila ya kununua ule unga wa makopo ambao bei yake ingelisha nyumba nzima kwa siku nyingi. (Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe; tena aanze kwa kiasi kidogo, au wenzake wa chumba kimoja watalalamika.)

Yako mambo mawili ya kuangaliwa sana. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Limao, chungwa au nyanya mbichi pamoja na chakula husaidia, chai huzuia. Sisi watu wa chai tuna kazi hapa: birika lingoje saa moja baada ya kula. Pili, iko vitamini iitwayo B12, isiyopatikana katika mimea. Mwenye kula mayai na kunywa maziwa ya kutosha huipata. Lakini aliyeacha vyote hana budi kutumia vidonge, kwani upungufu wake huja polepole, ukapunguza damu na kudhuru neva.

Ama mazoezi yenyewe, naliwakuta vijana wakinyanyua mzigo ule ule kila siku, wakashangaa kwamba hawaendelei. Mwili hukua unapotakiwa zaidi ya jana, kisha ukapumzishwa. Siku tatu kwa wiki zatosha: kuchuchumaa na mzigo, kuinua kutoka chini, kusukuma, na kujivuta kwenye boriti. Anayeweza kunyanyua mara 12 kwa mwendo mzuri aongeze mzigo kidogo, arudi kwenye 8. Na usiku alale, asikeshe na simu.

Tuliyapeleka makopo yale kwenye mizani ya dukani, na kumbe moja lilizidi jingine kwa kilo mbili! Si ajabu bega lake la kulia lilikuwa likiuma. Yametengenezwa mengine, na uzito wake umeandikwa ubavuni kwa rangi.

Ni miezi minane sasa. Mzigo aliouanza wa kilo 22 hunyanyua kama mtu aokotaye kofia. Wa sasa ni kilo 45. Nyama twanunua mara mbili kwa wiki kama zamani, na mama watoto huigawa yeye mwenyewe kwa kijiko. Ama yule dada, amekuja kuniuliza kama naye aweza kupata makopo. Nimemwambia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lataka wenye miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki, wala halikubagua wa kike na wa kiume. Tumemjazia mawili madogo, ya kilo tatu tatu, naye hufanya mazoezi ukumbini pamoja na mama watoto baada ya sala ya alfajiri.