Mbegu ya Wimbi ni Hazina ya Kulindwa

Mkulima wa Teso anapotawanya mbegu za wimbi shambani, aghalabu hadhani kwamba kiganjani mwake ameshika hati ya kale ya nchi yake. Hata hivyo, ndivyo ilivyo. Wataalamu wa chembe za urithi wameanza kuisoma hati hiyo, na wanayotueleza yanastahili kusikilizwa na kila mwananchi.

Kwanza, zao hili halikuletwa na mgeni yeyote. Asili yake ni gugu-mwitu la nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda. Wimbi una kromosomu 36, na nusu yake ni za ukoo wa Eleusine indica, yale majani sugu yaotayo kando ya njia na katika viwanja vya gwaride, ambayo buti za askari hazijapata kuyashinda. Waliochagua masuke bora, msimu baada ya msimu, hata gugu likawa chakula, ni wakulima wa kale wa eneo hili.

Pili, kutoka huku mbegu zilivuka bahari zamani sana hadi Bara Hindi. Leo India ndiyo ilimayo wimbi mwingi kuliko nchi zote. Ni India pia iliyopendekeza mwaka 2023 uwe mwaka wa kimataifa wa ulezi na jamaa zake, na Umoja wa Mataifa ukakubali. Wengine wanaitukuza mbegu iliyotoka kwetu. Je, sisi wenyewe tunaitunza?

Hatuna ugomvi na mahindi, ambayo asili yake ni Meksiko na ambayo yamewashibisha wengi. Lakini wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wimbi hukaa ghalani miaka kadhaa bila kubunguliwa, huvumilia ukame, na una madini ya kalsiamu kwa wingi. Kila aina ya kienyeji inapoachwa, hupotea pamoja na chembe za urithi ambazo huenda kesho zingetuokoa na kiduha, au na ukungu unaokausha masuke. Mtaalamu aweza kuzisoma chembe hizo na kuzihamishia katika mbegu mpya. Hawezi kuzirudisha zikishatoweka.

Katika jambo hili, historia inatupa mfano wa ushujaa. Mtaalamu Nikolai Vavilov wa Urusi, aliyefika Ethiopia mwaka 1927 kutafuta asili ya nafaka, alikusanya mbegu za dunia nzima katika mji wa Leningrad. Mji huo ulipozingirwa na majeshi ya Hitler kuanzia mwaka 1941 hadi 1944, wasaidizi wake walizilinda mbegu hizo. Baadhi yao walikufa kwa njaa, huku mpunga na nafaka nyinginezo zikiwa mikononi mwao. Vavilov mwenyewe alifia gerezani mwaka 1943, kwa dhuluma ya serikali yake. Mbegu zilisalia.

Sisi hatutakiwi kufa njaa. Tunatakiwa kufanya kidogo zaidi ya tunavyofanya sasa. Tunacho kituo cha utafiti cha Serere, na tunayo hifadhi ya mbegu ya taifa huko Entebbe. Tunawasihi wakulima watenge walau kipande cha shamba kwa mbegu za wazee wao. Tunawataka maofisa wa kilimo wazikusanye mapema, pamoja na majina yake na vijiji zilikotoka, ili jasho la mkulima lisisahaulike pindi mbegu yake itakapoleta faida. Nao vijana wasomee elimu hii, tusije tukaelezwa na wengine habari za ghala letu wenyewe.

Ulinzi wa taifa hauishii mpakani. Huanzia ghalani.